Pendekezo au Muhtasari? Uhakiki wa Andiko la Awali la Tasnifu ya Uzamifu, kwa Mfano wa Olkaria

Wahakiki wa Kiswahili wameishughulikia riwaya, tamthilia na ushairi kwa bidii isiyohitaji kuthibitishwa hapa. Hata maandishi ya kwenye kanga na ya migongoni mwa magari yamepata wachunguzi wake. Liko, hata hivyo, andiko moja ambalo mhadhiri wa idara ya Kiswahili hulisoma mara nyingi zaidi kwa mwaka kuliko asomavyo riwaya mpya, na ambalo ni nadra kuhesabiwa miongoni mwa maandishi yanayostahili kuhakikiwa. Ni lile ambalo mtahiniwa wa shahada ya uzamifu hutakiwa kuliwasilisha mbele ya jopo la idara kabla hajaruhusiwa kwenda nyanjani. Hulisomwa kwa kalamu nyekundu, hujadiliwa kwa saa mbili, husahihishwa, hutiwa sahihi, kisha hufungiwa kabatini.

Jina la andiko hili lenyewe halijatulia. Wako wanaoliita muhtasari wa tasnifu, wako wanaoliita pendekezo la utafiti, na wapo pia wanaolichanganya na ikisiri, ingawa ikisiri ni ule ufupisho unaowekwa kurasa za mwanzo za kazi iliyokwisha. Katika vyuo vya Uhindi na Pakistani huitwa kwa neno lenye asili ya Kigiriki, ambalo maana yake ni kuona mambo yote kwa pamoja. Yafaa tofauti hizi zisipuuzwe. Muhtasari, neno lililotoka katika Kiarabu, ni kitu kilichofupishwa, na hakifupishwi ila kilichopo. Pendekezo ni kitu kinachotolewa ili wengine wakitazame na waseme kama wanakiridhia, nacho bado hakijawa. Makala haya yanadai kwamba idara nyingi huomba pendekezo na hupokea muhtasari: watahiniwa hufupisha tasnifu ambayo haijaandikwa, yenye matokeo ambayo hayajapatikana, na majopo huyakubali maandiko hayo kwa sababu umbo lake limetimia.

Umbo lenyewe linafahamika. Huanza mada na usuli wake, likafuata tatizo la utafiti, madhumuni, nadharia tete au maswali, sababu za kuchagua mada, upeo na mipaka, yaliyoandikwa kuhusu mada, msingi wa nadharia, njia za utafiti, ratiba, makadirio ya gharama na marejeleo. Hakuna kosa katika mpangilio huu. Kila sehemu iliingizwa kwa sababu njema, na mtahiniwa aliyepotea huweza kujipata kwa kuufuata. Mjadala wake unakumbusha ule uliowahi kuzuka katika ushairi. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, na mabishano juu ya vina na mizani yakapamba moto. Linalohusu hapa ni jambo dogo lililokuwa pembeni mwa mabishano hayo. Lugha ya washairi ina neno la kuliita shairi lililopungukiwa na vina au mizani, nalo ni guni. Ni vigumu kulitaja neno lililozoeleka vivyo hivyo la kuliita shairi lililotimiza mizani yote huku halina jambo la kusema. Majopo ya idara yamo katika hali iyo hiyo. Yana msamiati mwingi wa kusahihisha guni la pendekezo (madhumuni hayalingani na nadharia tete, sampuli haikuelezwa, pambizo ni finyu) na hayana neno la kuliita pendekezo lililotimia na lisilouliza kitu.

Ili hoja isibaki hewani, na utazamwe mfano mmoja wa mahali. Olkaria iko kusini mwa Ziwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru, ndani ya Bonde la Ufa. Jina ni la Kimaa: ol- ni kiambishi cha jinsia ya kiume, na karia ni ule udongo mwekundu ambao Wamaasai hujipaka. Uchimbaji wa kutafuta mvuke ulianza katika miaka ya 1950. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kutoa umeme mwaka 1981, na kufikia mwaka 1985 uwezo wa kituo hicho cha kwanza ulikuwa megawati 45. Vituo vingine vikafuata, na mwaka 2014 kilifunguliwa Olkaria IV, cha megawati 140. Ili kukipisha kituo hicho, wakazi wa vijiji vinne vya Kimaasai, yaani Olo Nongot, Olo Sinyat, Olo Mayana Ndogo na kile kilichoitwa Kituo cha Utamaduni, walihamishiwa mwaka huo katika ardhi ya ekari 1,700 iliyotengwa kwa ajili yao. Malalamiko ya baadhi yao yalifika mbele ya Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia na mbele ya ofisi ya malalamiko ya Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na upatanishi ukafanyika kati ya mwaka 2015 na 2016.

Kwa mtaalamu wa lugha, mahali hapa ni pa neema. Kimaa kipo, na ndicho kilichoyapa majina milima na mabonde. Kiingereza kipo katika mikataba, ramani na ripoti za wahandisi. Kiswahili kipo baina ya hizo mbili, na kipo pia vinywani mwa wafanyakazi waliotoka pande zote za Kenya kwa ajili ya mitambo na mashamba ya maua ya Naivasha. Hata msamiati wa shughuli yenyewe haujakubaliana. Magazeti ya Kenya aghalabu huandika kawi ya mvuke, ilhali Tanzania, ambayo mwaka 2013 iliunda kampuni yake ya kuendeleza nishati hiyo, husema jotoardhi. Istilahi ya kwanza hutaja kinachotoka, ya pili hutaja kinakotoka. Na tundu lililochimbwa kilomita 2 au zaidi kwenda chini huitwa kisima, kama kwamba mtu atateremsha ndoo. Maswali yanajileta yenyewe.

Sasa lichukuliwe pendekezo moja kuhusu Olkaria. Si la mtahiniwa yeyote. Limetungwa kwa ajili ya mjadala huu, kwa kufuata mtindo ambao msomaji wa jarida hili ataujua pasipo kutajiwa. Mada yake ni: Athari za Kubadili Msimbo katika Mawasiliano baina ya Wakazi na Wafanyakazi wa Mradi wa Kawi ya Mvuke, Olkaria. Tatizo la utafiti limeelezwa hivi: licha ya umuhimu wa mradi huu kwa taifa, hakuna utafiti wa kina uliofanywa kuhusu matumizi ya lugha katika eneo hili, na utafiti huu utaliziba pengo hilo. Madhumuni ni matatu: kubainisha lugha zinazotumika, kueleza sababu za kubadili msimbo, na kutathmini athari zake. Nadharia tete nazo ni tatu: kwamba lugha mbalimbali hutumika Olkaria, kwamba wasemaji hubadili msimbo kwa sababu mbalimbali, na kwamba kubadili msimbo kuna athari katika mawasiliano.

Umbo limetimia. Tatu zinalingana na tatu, kama vina vya kati na vya mwisho. Jopo litauliza kama sampuli ya watu 60 inatosha, na mtahiniwa atajibu.

Kosa la kwanza limo katika neno pengo. Pengo si tatizo. Hakuna pia utafiti wa kina kuhusu lugha wanayoitumia madereva wa malori wanapobadilisha magurudumu kando ya barabara ya Naivasha, na hakuna anayeumia kwa ukosefu huo. Tatizo huwapo pale ambapo mambo mawili yanayojulikana hayapatani, au pale ambapo jambo linaloaminiwa na wengi lina dalili za kutokuwa kweli. Pengo hujazwa kwa kitu chochote. Tatizo hutatuliwa au hushinda.

La pili ni zito zaidi. Nadharia tete zote tatu haziwezi kuwa uongo. Angehitaji kuwa mtu wa ajabu mtafiti ambaye angekwenda Olkaria na kugundua kuwa lugha inayotumika ni moja tu, au kwamba watu hubadili msimbo bila sababu. Neno tete lenyewe linaeleza zaidi ya linavyosikizwa: tete ni nafaka changa, punje ambayo bado haijakomaa na haijulikani kama itakomaa au itakauka shambani. Nadharia tete zilizotajwa zimekwisha kuvunwa, kupurwa na kutiwa ghalani. Hakuna mvua wala jua la nyanjani litakalozigusa.

Hapa ndipo sarufi ya Kiswahili inapotoa ushahidi ambao haupatikani kwa urahisi katika lugha nyingine. Pendekezo huandikwa kwa -ta-: utafiti huu utachunguza, data zitakusanywa, wahojiwa watateuliwa. Baada ya miaka mitatu au saba, pendekezo hilo hilo hugeuka kuwa sura ya kwanza ya tasnifu, na kazi ya kulirekebisha hufanywa kwa kuondoa -ta- na kutia -li-: utafiti ulichunguza, data zilikusanywa, wahojiwa waliteuliwa. Wasimamizi huwakumbusha watahiniwa wao wasisahau kugeuza njeo, na wajumbe wa jopo la mwisho huzisaka -ta- zilizosalia kama watu wanaochagua mawe katika mchele. Yafaa iulizwe: iwapo badiliko la silabi moja ndilo tofauti pekee baina ya kile mtu alichokidhania kabla ya kwenda Olkaria na kile alichokijua baada ya kurudi, Olkaria ilimfundisha nini? Tangu miaka ya 1990 vyuo vikuu vya Kenya vimekubali tasnifu za uzamifu zilizoandikwa kwa Kiswahili, mathalan ile ya Clara Momanyi ya mwaka 1998 katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ni hasara kama lugha iliyopiganiwa hadi ikafika hapo itatumika kugeuzia njeo.

Kiswahili kina kiambishi kingine ambacho ni nadra kukutwa katika maandiko haya, nacho ni -nge-. Kama data zingeonyesha kinyume, dai lipi lingeanguka? Kama wazee wangekataa kuhojiwa, swali lingebaki lile lile? Pendekezo lisilo na -nge- hata moja halijakubali kuwa huenda likakosea. Kipimo hiki ni rahisi na hakigharimu kitu, na huenda kikafaa kuliko safu nzima ya maswali juu ya sampuli.

Watetezi wa mtindo uliopo wana hoja, na hapana budi isikizwe. Mtahiniwa wa uzamifu katika Kenya ya leo aghalabu ni mwalimu au mhadhiri msaidizi aliye kazini, anayelipa karo mwenyewe, na ambaye kupandishwa kwake cheo kunategemea shahada hiyo. Kila mara pendekezo linaporudishwa, muhula hupita. Mtu kama huyo hana ruhusa ya kukosea, huandika kinachopita. Tena mtahiniwa anayekiri mbele ya jopo kuwa hajui atakachokipata huonekana hakujitayarisha, na yule anayejua kila kitu husifiwa kwa kuielewa mada yake. Lawama basi haimhusu mtahiniwa peke yake, wala yeye si wa kwanza. Walioketi upande wa pili wa meza ndio waliomfundisha kuwa usalama ndio ustadi.

Kuhusu msingi wa nadharia, mengi yamekwisha kusemwa na wengine, na jambo moja latosha. Katika pendekezo lililotungwa hapo juu, nadharia iliyoteuliwa ingekuwa ile ya Carol Myers-Scotton juu ya kubadili msimbo. Ingeelezwa kwa kurasa nne, mihimili yake ingeorodheshwa, na kisha isingerejelewa tena hadi hitimisho. Nadharia ikitumiwa hivyo huwa hirizi: hufungwa mkononi, haifunguliwi wala haisomwi, na aliyeivaa hujiona salama. Ajabu ni kuwa kazi yake kuu ya mwaka 1993 ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya mazungumzo yaliyokusanywa Kenya kwenyewe, hasa Nairobi. Mtahiniwa wa Olkaria angekuwa na haki kamili ya kuuliza kama yaliyoonekana mjini Nairobi, ambako msemaji huchagua msimbo kwa kupima faida yake mbele ya wenzake, yanasimama vilevile mbele ya mhandisi mwenye ramani na mzee ambaye boma lake limo ndani ya ramani hiyo. Kufanya hivyo ni kuijaribu nadharia. Kezilahabi, katika tasnifu yake ya uzamifu ya mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliutilia shaka msingi mzima wa kuifasiri fasihi ya Kiafrika kwa falsafa ya Magharibi. Si lazima mtu akubaliane naye. Hata hivyo, ile ilikuwa tasnifu iliyokuwa na cha kupoteza.

Suala la umbo la nje, yaani pambizo, nafasi baina ya mistari, aina ya herufi na mtindo wa marejeleo, hudharauliwa na baadhi ya wataalamu kuwa ni kazi ya mpiga chapa. Dharau hiyo nayo haifai. Mitindo ya marejeleo inayoamriwa na vyuo ilibuniwa kwa majina ya kizungu, ambayo la mwisho ni la ukoo. Ikitumiwa kwa utiifu, Shaaban Robert huwekwa chini ya R, yaani chini ya jina la baba yake. Kaluta Amri Abedi hupatikana chini ya A katika orodha moja na chini ya K katika nyingine, na hata chini ya A kuna mabishano kama ni ya Abedi au ya Amri. Muyaka bin Haji hana jina la ukoo la kugeuzwa, naye huachwa kama alivyo. Wahojiwa wa Kimaasai watakaotajwa katika tasnifu ya Olkaria wataleta mashaka yao. Mtahiniwa anayeeleza katika pendekezo lake jinsi atakavyoyaandika majina, na kwa nini, ameanza kufikiri juu ya jamii anayoiendea. Anayelifuata jedwali la chuo bila swali amekosa nafasi iliyokuwa mikononi mwake. Jopo linalotumia nusu saa juu ya upana wa pambizo na lisitumie hata dakika moja juu ya majina halijui lilinde umbo lipi.

Swali linabaki: pendekezo lenye swali la kweli kuhusu Olkaria lingekuwaje? Na lijaribiwe moja. Kabla ya uhamisho wa mwaka 2014 ilifanyika mikutano baina ya wenye mradi na wakazi. Hati zilizozaa mikutano hiyo zilikuwa zimeandikwa kwa lugha ya mabenki. Maneno kama ridhaa, fidia na hatimiliki yalipaswa kusafiri kutoka Kiingereza, yapite Kiswahili, ndipo yafike Kimaa. Ni nini kilichoyapata njiani? Nadharia tete yaweza kuwa kwamba Kiswahili, kinachosifiwa kila mara katika idara zake kuwa ni daraja baina ya makabila, hapo kilifanya kazi ya pazia: kiliwafanya wasemaji wa pande mbili waamini kuwa wameelewana. Nadharia tete hiyo ni tete kwelikweli. Yawezekana ikakauka. Huenda ikaonekana kwamba Kiswahili ndicho kilichowapa vijana na wanawake nafasi ya kusema mbele ya hadhara, nafasi ambayo mkutano wa Kimaa chini ya wazee usingewapa. Na kama ingekuwa hivyo, dai la pazia lingeanguka, na hasara ya wazee ingeonekana kuwa faida ya wengine. Matokeo yoyote kati ya hayo mawili yangeihusu idara ya Kiswahili moja kwa moja, maana yangegusa sifa ambayo hutangulizwa katika kila hotuba ya kuitetea lugha hii, lugha ambayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya ya taifa na pia rasmi.

Na tazama jinsi swali linavyozilazimisha sehemu nyingine za umbo kubadilika. Njia za utafiti haziwezi tena kuwa hojaji ya maswali 20 kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili ndicho kinachochunguzwa. Mtafiti hana budi ajue Kimaa, au aeleze ni nani atakayemfasiria na ni nani atakayemkagua mfasiri huyo. Upeo na mipaka haiwezi kusema kuwa utafiti utajifunga Olkaria kwa sababu ya uhaba wa fedha. Utajifunga hapo kwa sababu jambo lilitukia hapo. Kumbukumbu za watu juu ya mikutano ya zaidi ya miaka 10 iliyopita zitakuwa zimepitiwa na malalamiko, upatanishi na wageni wengi wenye madaftari, na hilo litahitaji kupimwa na kumbukumbu zilizoandikwa wakati ule. Sababu za kuchagua mada, sehemu ambayo kwa kawaida hujazwa kwa sifa za Kiswahili, huenda ikaandikwa kwa sentensi mbili.

Imebaki hati moja ambayo hutiwa mwishoni kabisa, katika viambatisho, baada ya ratiba na makadirio ya gharama. Mtafiti yeyote nchini Kenya hutakiwa kupata leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, na huambatisha fomu ambayo wahojiwa watatia sahihi au dole gumba kuonyesha kuwa wamekubali kuhojiwa. Katika idara za Kiswahili fomu hiyo huandikwa kwa Kiswahili, na nakala moja ya Kiingereza kwa ajili ya kamati ya maadili. Neno lake la kwanza huwa ni ridhaa. Atakapofika katika vijiji vya waliohamishwa, mtahiniwa ataisoma fomu hiyo mbele ya mzee, kijana aliye kando ataifasiri kwa Kimaa, na mzee ataitikia. Neno alilolitumia kijana yule mahali pa ridhaa ndilo data ya kwanza ya tasnifu, na lingestahili kutajwa katika ukurasa wa kwanza wa pendekezo.